Bender wa The Breakfast Club: tatizo lake ni ujana au ni kwao?

#1 MzeeWaKaseti
Wakuu salaam. Wikiendi nimeirudia The Breakfast Club ya mwongozaji John Hughes, ile ya 1985, safari hii na binti yangu wa kidato cha tatu pembeni. Kwa ambao hawajaiona: wanafunzi watano wa sekondari moja ya Shermer, mji wa kubuni huko Illinois, Marekani, wamepewa adhabu ya kushinda maktaba siku ya Jumamosi, saa 1 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Yupo Claire mtoto wa kishua, Andrew mcheza mieleka, Brian kipanga, Allison asiyeongea na mtu, na John Bender msela. Makamu mkuu wa shule, Vernon, anawaambia waandike insha ya maneno 1,000: unadhani wewe ni nani. Muvi yenyewe ndiyo hiyo, watu wamekaa wanaongea.

Hoja yangu: filamu inataka tuamini kwamba wote watano wanaumia sawa, wazazi ndio wabaya, na ujana ni ujana tu popote ulipo. Mimi naona hapo tunapigwa. Claire alitoroka kipindi akaenda madukani. Bender aliwasha kengele ya moto wakati hakuna moto. Jioni Claire anafuatwa na BMW ya baba yake, Bender anakata uwanja kwa miguu, na ameshabandikwa Jumamosi za miezi miwili mbele. Siku moja, chumba kimoja, mshahara tofauti.

Sasa semeni: ukorofi wa Bender ni umri, au ni kule anakotoka?

#2 DogoTemeke
Ina ngumi?

#3 MzeeWaKaseti
#2 haina. Ina insha.

#4 DogoTemeke
Hiyo ukiiweka kibanda umiza wanakurudishia jero yako kwa kukurushia viti.

#5 Nasaha
Mleta uzi, unaharakisha kumvika Bender umaskini. Mimi nafanya unasihi mashuleni, na kila muhula nakutana na Bender, wengine wanashushwa getini na dereva.

Rudi kwa mwanasaikolojia Erik Erikson. Yeye alisema kazi kubwa ya mtu kati ya balehe na utu uzima ni kujijibu mimi ni nani, na asipojijibu anabaki kavurugikiwa, hajui asimame wapi. James Marcia mwaka 1966 akaichambua zaidi, akapata hali nne: asiyetafuta wala kuamua, aliyepokea utambulisho toka kwa wakubwa bila kuujaribu, anayetafuta bado, na aliyetafuta akapata. Andrew ni kundi la pili kabisa. Baba kamtengenezea uanamieleka, yeye kauvaa kama sare. Brian naye hivyohivyo na maksi zake.

Bender ndiye ambaye Erikson angesema amechukua utambulisho hasi. Kijana akishaona kusifiwa hakumhusu, anachagua kuwa kile walichomkataza, walau hicho anakimiliki mwenyewe. Hilo linatokea kwa tajiri na maskini. Ni hatua ya ukuaji.

#6 Bisho Mwenyewe
Nasaha heshima yako, lakini umejichoma mwenyewe. "Akishaona kusifiwa hakumhusu." Nani kamwonyesha? Claire yeye kwa nini kunamhusu?

Halafu huyo Erikson wako anasema kijana anahitaji kipindi cha kusubiriwa, ajaribu hiki akiache, ajaribu kile akiache, jamii imvumilie. Kusubiriwa huko kuna mtu anakulipia. Claire akikosea analipiwa. Bender akikosea analipa hapohapo kwa Jumamosi zake.

#7 Binti Mzizima
Mnaruka sehemu tamu. Chakula cha mchana! Pale Hughes kaeleza matabaka bila hotuba. Claire anatoa kisanduku cha sushi, wali na samaki mbichi wa Kijapani, na vijiti vyake, Marekani ya 1984 (kisa kimewekwa mwaka huo), kitu ambacho wenzake wanakitolea macho. Andrew anamwaga mfuko mzima mezani, masandwichi, chipsi, biskuti, maziwa, unaona kabisa mtu anayelishwa ashinde mechi. Brian ana supu, juisi na sandwichi ya siagi ya karanga iliyokatwa kingo, mama kakaa kaikata. Allison anatupa nyama ya sandwichi juu, anajaza sukari ya unga na nafaka za kifungua kinywa, anatafuna kwa kelele. Bender hana kitu. Anazunguka anachokonoa vya wenzake na kumwigiza Brian na familia yao yenye furaha.

Nilisoma bweni. Siku ya wazazi kutembelea ndiyo siku pekee sare ilikuwa haifichi kitu. Wapo waliofunguliwa mahotpoti ya pilau na kuku kwenye buti la gari, juisi za boksi, keki. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tunakwenda kufua. Siku hiyohiyo, kila mara, tuna nguo za kufua. Mwaka mzima nilijulikana kama mjeuri nisiyependa watu. Kwa hiyo ninapomwona Bender anaanza vurugu saa ya kula, wala sihitaji Erikson.

#8 Mwana Kisauni
Binti Mzizima, hapo kwenye kufua umenikamata. Sisi tulikuwa twenda kulala bwenini twajifanya wagonjwa.

#9 Kipanga Mstaafu
Naona hoja zinakwenda bila data, ngoja niongeze kuni.

Watu hawajui kwamba Illinois ndiyo kama maabara ya mambo haya. Mwanasosholojia August Hollingshead alikwenda mji mdogo wa Morris, Illinois, 1941 na 1942, akafuatilia vijana 735, akatoa kitabu mwaka 1949, Elmtown's Youth. Jina la mji alilificha. Aliwapanga watu matabaka matano na akaonyesha kwamba marafiki, uchumba, klabu, masomo, hata nani anaacha shule mapema, vinafuata tabaka la kwao. Na sikilizeni hili: mle ndani kuna kisa cha adhabu ya kubakizwa shule kwa wachelewaji. Mtoto wa familia kubwa alipokaidi alibembelezwa na wakubwa wa shule. Alipokuja mtoto wa familia ya chini, aliguswa kwa mikono. Kitabu hicho kilitoka miaka 36 kabla ya filamu.

James Coleman naye 1961, shule kumi za sekondari, Illinois hiyohiyo, The Adolescent Society. Yeye anavuta kwingine: vijana wana jamii yao ndani ya shule, yenye vyeo vyake. Wavulana wengi walitaka wakumbukwe kama nyota wa michezo kuliko kama wanafunzi hodari. Kwa Coleman, Andrew ni mfalme hata kama baba yake ni fundi bomba.

Chagueni wenyewe. Hollingshead anasema nyumbani, Coleman anasema uwanjani.

#10 Bisho Mwenyewe
Kipanga kama kawaida, umeulizwa chai umeleta shamba la chai.

#11 Jicho la Tatu
Hughes mwenyewe katoka uswazi wa Chicago ndiyo maana anamjua Bender.

#12 Kipanga Mstaafu
#11 hapana. Hughes kazaliwa Michigan 1950, familia ikahamia Northbrook, kitongoji cha kaskazini ya Chicago, akasoma Glenbrook North. Huko siyo uswazi hata kidogo. Northbrook zamani ilikuwa inaitwa Shermerville, Shermer ya filamu imetoka hapo. Picha zenyewe walipigia Maine North, Des Plaines, shule iliyokuwa imefungwa tangu 1981. Maktaba ile waliijenga ndani ya ukumbi wa michezo.

#13 Jicho la Tatu
Sawa profesa, basi anamjua Claire. Hoja yangu imegeuka na bado imesimama: tajiri ndiye kaandika, ndiyo maana maskini kapewa kisu.

#14 Fundi wa Karakana
Wote mmepita ile taa ya tembo. Nisomeni polepole.

Brian kipanga alichukua somo la ufundi akidhani ni la mteremko, apandishe wastani. Kazi ilikuwa kutengeneza taa ya tembo, ukivuta mkonga taa iwake. Yake haikuwaka. Akapata F. Ni F hiyo iliyomfanya alete bastola ya fataki shuleni, ikalipukia kabatini. Pale maktaba wenzake wanagundua mtoto alikuwa anataka kujiua, kisha wanaanza kucheka kwa sababu ni bastola ya fataki.

Lakini rudi nyuma kidogo. Brian anamwuliza Bender unajua nini kuhusu trigonometria, bila hiyo hakuna uhandisi. Bender anamjibu kwamba bila taa hakuna mwanga. Bender anasoma ufundi, yeye taa anaiweza! Katika jengo lile hakuna hata mmoja anayehesabu hilo kama akili. Brian anashindwa kitu kimoja cha mkono, dunia inataka kuisha, Bender anakiweza na hakuna alama inayompandisha popote.

Mimi nimesoma ufundi, umeme wa majumbani. Darasa la jirani, waliokuwa wanasoma fizikia, wakituona na spana walikuwa wanatuita "kina bisibisi". Mmoja wao alikuja kuniita mwaka jana nimfungie mfumo nyumbani kwake, akanitambulisha kwa mkewe kama rafiki yake wa shule. Hatujawahi kuwa marafiki. Nilimtoza bei ya kawaida.

#15 Mama Wawili
#14 bei ya kawaida? Una moyo.

#16 Nasaha
Fundi, hoja nzuri sana ile. Lakini bado ukimtoa Bender kwenye tabaka utabaki na jambo zito zaidi: anapigwa. Anawaigizia mazungumzo ya baba na mama yake, matusi mwanzo mwisho, Andrew anamwambia unadanganya, Bender anapandisha mkono wa shati anawaonyesha kovu la moto wa biri (cigar) aliyochomwa kwa kumwaga rangi gereji. Krismasi anapewa boksi la sigara avute. Ukimchukua mtoto wa namna hiyo ukamweka kwenye nyumba ya kifahari, utapata tabia zilezile. Mtoto anayepigwa anajifunza kusoma uso wa mtu mzima na kuanza yeye kabla hajaanziwa. Tazama anavyomchokoza Vernon: Jumamosi nyingine, nyingine, nyingine. Anajua adhabu inakuja, anataka ije kwa saa anayoitaka yeye.

#17 Jicho la Tatu
Na mimi nauliza, wapi kwenye filamu wamesema Bender ni maskini? Nyumba yao hatujaiona. Kwao kuna gereji yenye rangi. Maskini ana gereji?

#18 Fagio Illinois
Jicho la Tatu, gereji huku kila mtu anayo, hata nyumba ya mbao inayovuja. Haimaanishi kitu.

Niko vitongoji vya Chicago, nafanya usafi kwenye sekondari, zamu ya jioni. Ni kazi ya yule Carl kwenye filamu. Carl anawaambia wale watoto kwamba yeye ni macho na masikio ya jengo lile, na wanadhani anatania. Hatanii. Nafungua kapu la takataka naona nani kala nini, nani katupa jaketi zima kwa sababu zipu imeharibika. Kuna mtoto anachelewa kuondoka kila siku, anazungukazunguka korido mpaka tunazima taa. Mwanzoni nilidhani ana nia mbaya. Siku hizi namwachia kiti karibu na mashine ya joto na hatuongei.

Bender kuna kitu kimoja mnakisahau. Wanapokimbia kwenye korido na Vernon yuko karibu kuwakamata, yeye ndiye anayejitoa, anakwenda kupiga kelele upande mwingine akamatwe peke yake, wenzake warudi maktaba salama. Nani kamwomba? Hakuna. Na wote wanakubali, hakuna aliyesema twende wote. Mtoto wa namna yake anajua kabisa kwamba akikamatwa hakuna kitakachobadilika kwake.

#19 MzeeWaKaseti
Fagio asante. Hiyo ya kujitoa nimeitazama tangu kanda za VHS na sijawahi kuisoma hivyo.

#20 Mama Wawili
Mnamsafisha Bender kwa zamu sasa. Na Claire? Siku nzima anamdhalilisha, maneno ya uchafu, mpaka ile ya chini ya meza anapojificha Vernon asimwone, anamchungulia Claire sketi. Mwisho wa siku msichana anambusu na kumpa hereni ya almasi. Molly Ringwald aliyeigiza Claire aliandika mwaka 2018 kwenye jarida la The New Yorker, baada ya kuitazama na binti yake, akieleza jinsi sehemu hiyo ilivyomsumbua. Mleta uzi uliitazama na binti, hukuona cha kusema hapo?

Na sipendi hii tabia ya kusema "katoka maisha magumu" kana kwamba ni kibali. Kaka zangu walitoka maisha magumu, hawakuwafanyia wasichana wa watu hivyo. Allison naye, ili mcheza mieleka amwone, lazima kwanza apakwe na kubanwa nywele na mtoto wa tajiri. Kabla ya hapo alikuwa ndiye mwenye akili kuliko wote.

#21 MzeeWaKaseti
Niliona. Nilisimamisha kanda tukaongea. Binti alichosema ni kwamba Claire anampa hereni moja kwa sababu nyumbani ana jozi nyingine. Sijamfundisha mimi.

#22 Bisho Mwenyewe
Huyo binti afungue uzi wake.

#23 Mwana Kisauni
Nami nitie neno. Wote watano ni wazungu. Illinois, karibu na Chicago, mji uliojaa watu weusi, shule nzima humuoni hata mmoja aliyeadhibiwa. Hivi mwaujadili vipi ukabaila na unyonge Marekani huku nusu ya kisa kimeachwa nje ya mlango? Bender akiwa mweusi, kengele ya moto na kisu mfukoni, hiyo Jumamosi ingekuwa maktaba kweli?

#24 Kipanga Mstaafu
Mwana Kisauni una haki, na ndivyo vitongoji vile vilivyokuwa, havikuwa hivyo kwa bahati. Lakini filamu inazungumzia tofauti ndani ya weupe, na kwa hilo Paul Willis anafaa kuliko wote niliowataja. 1977, Learning to Labour, vijana wa kiume wa familia za wafanyakazi huko Uingereza. Wanaikejeli shule, wanawacheka wanaotii, wanaona wamewashinda walimu kwa akili. Na kukejeli kwenyewe ndiko kunakowapeleka kiwandani walikokuwa baba zao, kwa miguu yao wenyewe. Hakuna aliyewalazimisha. Bender ni huyo.

#25 Nasaha
Kwa hiyo Bender ana miaka 16 na mmeshamhukumu kiwandani? Vijana hubadilika.

#26 Jicho la Tatu
Ana 16 wapi! Judd Nelson alikuwa na miaka 24 wakati wanapiga picha. Molly Ringwald na Anthony Michael Hall aliyeigiza Brian ndio pekee walikuwa na 16. Mnachambua saikolojia ya balehe kwa mtu mwenye miaka 24.

#27 DogoTemeke
Nimeitazama. Ngumi ipo! Bender anajitia ubabe, Andrew anamlaza chini kabla hujapepesa. Mleta uzi muongo.

#28 Fundi wa Karakana
Hahaha dogo katumia bando lake lote kutafuta ngumi moja.

#29 Binti Mzizima
Dogo, umeitazama mpaka pale wanapokaa chini? Brian anauliza Jumatatu tukikutana korido itakuwaje, bado ni marafiki? Claire anasema ukweli: hapana. Wote wanamvamia. Lakini kati ya watano ni yeye tu aliyejibu swali. Brian anasema yeye asingewafanyia hivyo, Claire anamwambia ni kwa sababu rafiki zako wanatutazama kutoka chini. Ukatili, ila nani kasema uongo?

#30 DogoTemeke
Nimefika. Pale Claire kanifanya nimkumbuke demu mmoja wa advansi. Tulikuwa tunasoma pamoja jioni, vizuri kabisa, asubuhi mstarini hanijui. Nikajua mimi ni wa jioni.

#31 Nasaha
Mwanasaikolojia David Elkind 1967 alieleza hilo, kijana anaishi kama yuko jukwaani, anaona kila mtu anamtazama yeye. Huyo msichana hakukudharau, aliogopa hadhira.

#32 Bisho Mwenyewe
Hadhira imejaa watoto wa nani, Nasaha? Akikutwa na mtoto wa waziri angeogopa?

#33 DogoTemeke
Asante Bisho. Nasaha alikuwa karibu anitetee demu.

#34 Mama Wawili
Anayependa la tabaka waziwazi atafute Pretty in Pink ya 1986, Hughes kaiandika, Howard Deutch kaiongoza. Msichana wa kipato cha chini, mvulana tajiri, rafiki wa karibu anayempenda. Mwisho wa kwanza msichana alibaki na rafiki. Watazamaji wa majaribio wakaukataa, wakapiga upya, akaenda kwa tajiri.

#35 Jicho la Tatu
Watazamaji wana akili zao.

#36 Fagio Illinois
Mmoja atakayenijibu kuhusu Vernon. Wakiwa stoo wawili tu anamtishia Bender, anamwambia napata dola 31,000 kwa mwaka na nina nyumba, sitavipoteza kwa ajili yako. Kisha anamwambia nipige, anza wewe. Mtu mzima anamtajia mtoto mshahara wake! Asingemtajia Claire. Baba wa Claire anaendesha BMW, Vernon anajua baba huyo akipiga simu moja kuna kikao. Mimi naona mwenye hofu zaidi kwenye jengo ni yeye. Na Carl, picha yake imening'inia mwanzoni mwa filamu, mwanafunzi bora wa zamani wa shule hiyohiyo, sasa anapiga deki. Vernon kila siku anapita pale.

#37 Kipanga Mstaafu
Fagio, nilikuwa nataka kuandika kuhusu Carl, umeniwahi. Ila mimi naisoma kinyume: Carl ndiye pekee mle ndani ambaye hana hofu. Anamwambia Vernon watoto hawajabadilika, wewe ndiye umebadilika.

#38 Fundi wa Karakana
Na insha nani kaandika? Wanne wanapeana mabusu na hereni, kipanga anaachiwa kalamu aandike kwa niaba ya wote. Hakupata hata mtu wa kumshika mkono.

#39 Bisho Mwenyewe
Fundi hapo Brian kanyonywa. Tuandamane.

#40 Mwana Kisauni
Kanyonywa wapi? Alipoimaliza aliibusu karatasi. Yule ameoa insha.

#41 Nasaha
Mimi bado nasubiri Bisho anijibu #16, kuhusu kupigwa.

#42 Bisho Mwenyewe
Nakuja Nasaha, niko kazini, bosi amesimama nyuma yangu.